Kipande cha Thelathini na Mbili

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na habari za nyumbani, maana nakujua: ukipata barua isiyo na wagonjwa wala watoto utadhani imetoka serikalini. Goti la mama limepunguza kuuma, ila bado linatabiri mvua, na bado linakosea. Mdogo wetu wa mwisho ameota meno mawili, sasa anang'ata kila kitu mpaka mguu wa meza. Baba anakusalimu sana.

Mimi nimepata kazi. Ni ukarani katika ofisi ya mitihani, na wameniweka kwenye meza ya hisabati, mimi niliyesoma historia na lugha. Aliyekuwepo amekwenda kujifungua, na kiti kilikuwa kitupu siku niliyoripoti. Walimu wa mashuleni hutuletea maswali wanayopendekeza, mimi nayachapa na kuyapanga kwenye trei, na mkuu wa kitengo huchagua yapi yaingie kwenye mtihani. Chumba chetu kina madirisha ya juu yenye nondo na feni inayozunguka kwa kulalamika. Nimekula kiapo cha kutunza siri, kwa hiyo hata haya ninayokuandikia nayaandika nikigeuka nyuma.

Mkuu wetu tunamwita Rula. Haachani na rula ya chuma, anatembea nayo kama askari na kirungu. Akifika mezani kwako anaandika mfuatano wa namba nne, anagonga meza na kuuliza, "Inayofuata?" Wenzangu wanajibu kabla rula haijatulia. Mimi naanza kwanza kutokwa na jasho. Ameniambia kwamba kufikia kikao cha wasahihishaji katikati ya mwaka, nikiwa bado sijui mifuatano ya namba, kiti kitarudi kuwa kitupu.

Wewe ulifundisha hisabati miaka mingi. Baba anasema uliacha kwa sababu ya macho. Kama bado yanakusumbua usijilazimishe, lakini kama unaweza, nisaidie.

Mwanao,
Karani


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kuhusu goti. Mwambie mama yako alifunge kitambaa cha sufu, na akome kuliuliza habari za mvua. Huyo mwenye meno mpeni kipande cha ngozi atafune. Wasalimie wadogo zako wote, mmoja mmoja.

Macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Sasa tusome. Mfuatano ni namba zilizopanga foleni, na kazi yako ni kugundua sheria ya foleni. Jana nilikuwa nashona sketi ya shule yenye marinda. Rinda la kwanza liko inchi tatu kutoka mshono wa pembeni, la pili saba, la tatu kumi na moja, la nne kumi na tano. Kila mara naongeza nne. Foleni ya namna hiyo ni ya watu wapole, hatua zao zinalingana. Halafu chukua kitambaa ukikunje. Tabaka mbili. Kunja tena, nne. Tena, nane. Tena, kumi na sita, na mkasi wako umeshaanza kulia. Hapo huongezi, unazidisha. Foleni hii inaanza kama utani na inaishia kukuvunja mkono.

Ukitaka jumla ya foleni ya wapole, usijumlishe mmoja mmoja kama mwenye kuokota mchele. Moja mpaka kumi: mshike wa kwanza na wa mwisho, wanafanya kumi na moja. Wa pili na wa tisa, kumi na moja tena. Jozi tano. Hamsini na tano, na chai haijapoa.

Nina swali dogo. Huyo Rula wako, akitaka kumcheka mtu, hufunika mdomo kwa hiyo rula?

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama ameacha kuliuliza goti, sasa linamwambia lenyewe. Mtoto amekataa ngozi, amerudia meza. Baba anakusalimu.

Ndiyo, hufunika mdomo kwa rula. Umejuaje?

Somo lako limenisaidia. Juzi aliandika tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne. Nikawaza kitambaa, nikasema arobaini na nane. Hakusema kitu, na hiyo kwake ni pongezi. Jana akaandika mbili, sita, kumi na mbili, ishirini. Niliona kwamba mwisho alikuwa ameongeza nane, nikaongeza nane, nikasema ishirini na nane. Nilikosea hiyo moja tu. Hayakuwa makubwa. Mambo ya ofisini.

Samahani kwa doa hapo juu, ni chai.

Karani wako


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama, ila cherehani yangu imeanza kuruka uzi kama mlevi anayekwepa deni. Msalimie mama yako na wadogo zako.

Chai huacha rangi. Doa lako halina rangi. Niambie alichokufanya, au usiniambie, nitakuambia mimi: alikusimamisha mlangoni ukiwa umeshika jibu lako kifuani, wapita njia wakisoma.

Kwanza swali lako. Mbili kwenda sita ni nne. Sita kwenda kumi na mbili ni sita. Kumi na mbili kwenda ishirini ni nane. Zile hatua nazo zinakua, zinafanya foleni yao wenyewe. Hatua inayofuata ni kumi, jibu thelathini. Hukuwa mjinga. Ulitazama hatua moja ukaamini umeijua safari.

Sasa nitakuambia kitu ambacho nyumbani kwenu kinaitwa macho.

Nilikuwa nafundisha shule ya wasichana. Siku hiyo alikuja mkaguzi kijana mwenye rula ya chuma, akakaa nyuma ya darasa. Nilichora duara ubaoni. Ukiweka nukta moja kwenye ukingo wake, hakuna mstari wa kuchora, duara ni kipande kimoja. Weka mbili, ziunganishe: vipande viwili. Tatu, zote ziunganishwe: vinne. Nne: vinane. Tano: kumi na sita. Nikawauliza, nukta sita je? Darasa zima likaimba thelathini na mbili, kama nilivyotaka. Ndipo msichana mmoja mkimya akaja mbele, akachora, akahesabu kwa kidole. Thelathini na moja. Hilo ndilo lilikuwa somo langu, mwanangu: kwamba foleni inaweza kukukonyeza mara tano na ya sita ikakugeuka. Kabla sijafungua kinywa, mkaguzi akasimama. Akasema hata mtoto mchanga anajua mara mbili ya kumi na sita. Akafunika mdomo kwa rula. Wasichana arobaini wakacheka, kwa sababu mkubwa amecheka. Nikamwomba aje ahesabu. Hakuja. Ripoti yake ilisema sijui mifuatano na nawapotosha watoto. Muhula uliofuata nilikuwa nashona sketi za wasichana walewale.

Mtenda husahau. Mimi sijasahau hata rangi ya chaki.

Ndani ya barua hii kuna karatasi yenye swali hilo, na mchoro wa nukta tano. Wewe kazi yako ni kuchapa yanayoletwa. Hili nalo limeletwa. Liweke kwenye trei pamoja na mengine. Ataliona, atafurahi, ataandika thelathini na mbili kwa mkono wake, na nchi nzima itahesabu vipande na kumwonyesha. Sikutumi useme uongo. Nakutuma umwachie nafasi.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima.

Nimeificha karatasi yako ndani ya soli ya kiatu, na natembea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Ni kweli alinisimamisha mlangoni. Mpaka wahudumu wa chai waliomba wapite na mimi nikawapisha, nimeshika ile ishirini na nane yangu.

Nimechora duara. Mara ya kwanza nilipata thelathini tu, nikadhani hata wewe ulikosea. Nilikuwa nimezigawanya nukta sawasawa kwa bikari, na mistari mitatu mirefu ikakutana sehemu moja katikati. Niliposogeza nukta moja kidogo, ile mistari ikaachana, na kati yao kikatokea kipande kidogo cha pembetatu. Thelathini na moja. Nimejaribu kila namna. Cha thelathini na mbili hakipo.

Lakini shangazi, siwezi. Mtihani ukitoka na jibu hilo, mtoto atakayehesabu kwa kidole, kama yule msichana wako, ndiye atakayekosolewa. Atakayekisia ndiye atakayepata. Tutakuwa tumewafanyia maelfu yale yale uliyofanyiwa wewe. Na mimi nimeapa. Nikikamatwa sitarudi nyumbani, nitapelekwa jela.

Nina swali pia. Katika barua zako zote unamsalimu mama, goti, watoto, nusura hata meza. Mbona baba humsalimu?

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hashiki mkasi.

Kuhusu watoto, umesema kweli, na imeniuma kuambiwa na wewe. Sitaki mtoto yeyote. Namtaka yeye. Basi sikiliza: kabla mtihani haujapitishwa, si mnakaa kikao cha wasahihishaji na kila swali linajibiwa kwa sauti? Aanguke hapo hapo, mbele ya watu wazima wenye kalamu mikononi, kisha swali litupwe kwa kuwa mimi, mtu wa nje, nalijua. Kiapo chako kitabaki na mikwaruzo, hakitavunjika.

Nataka asimame ubaoni atafute kipande ambacho hakipo. Nataka ahesabu, arudie, ahesabu tena. Nataka watu waanze kukohoa. Miaka yote hii nikitia pindo hiyo ndiyo picha ninayoitazama.

Kuhusu baba yako: muulize nani aliandika barua ya kuomba radhi kwa jina langu, akakiri kwamba ni thelathini na mbili.

Shangazi yako


21 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Usihesabu ukimya wangu kuwa woga peke yake. Ulikuwa woga mwanzoni, baadaye sikujua nianzie wapi. Mama ni mzima. Mtoto ana meno sita. Meza imehamishwa.

Nililichapa swali lako. Mikono ilitetemeka hata nikaandika duala badala ya duara, nikaanza upya. Nikaliweka katikati ya trei, si juu wala chini. Rula akalichagua siku ileile, akalizungushia duara, na hakuuliza limetoka wapi. Nikasema moyoni, amekwisha.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa chini, wasahihishaji wakiwa kwenye meza ndefu, mimi pembeni nikiandika yanayosemwa. Swali lako lilipofika, kijana mmoja mwenye tai akajibu thelathini na mbili bila kuinua kichwa. Wengine wakaitikia. Rula akafunika mdomo kwa rula yake. Mimi nikashika kiti.

Akasema, "Thelathini na moja."

Shangazi, nilidhani nimesikia vibaya. Akaenda ubaoni, akachora duara moja zuri, akaweka nukta sita, na alizitawanya, hakuzigawanya sawa. Alijua mpaka habari ya kile kipande cha katikati. Alihesabu bila kusita. Anajua, na kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi, anajua tangu zamani. Nadhani alikwenda nyumbani siku ileile akachora, kisha ripoti akaiandika vilevile.

Hapo ningenyamaza. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshapanga kukuandikia kwamba mtego umekosa, basi. Lakini akageukia meza, akiwa amekunjua uso kwa raha, akawasimulia kisa. Kwamba enzi za ukaguzi wake alimkuta mwalimu mmoja wa kike akiwafundisha wasichana kuwa jibu ni thelathini na mbili. Kwamba msichana mdogo alihesabu thelathini na moja na mwalimu akataka kumchapa. Kwamba yeye, Rula, ndiye aliyemtetea yule mtoto. Watu wakacheka kwa adabu. Yule mwenye tai akasema walimu wengine ni kichwa pamba.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Kalamu ilianguka, na kila mtu akaitazama kalamu kwanza, ndipo wakanitazama mimi. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nikasema, "Mwalimu huyo alisema thelathini na moja. Wewe ndiye uliyesema thelathini na mbili. Alikuomba uje uhesabu, hukwenda."



Rula akaniuliza, "Nani kakwambia?"

Hakusema ni uongo, shangazi. Hakusema nimechanganyikiwa. Aliuliza nani kaniambia, na ukumbi mzima ulisikia alichouliza. Mama mmoja mzee wa wasahihishaji, yule tunayemwita Bibi Nukta kwa jinsi anavyosahihisha hata nukta, akaiweka kalamu yake mezani taratibu na kumwambia, "Mjibu mtoto kwanza." Rula akaangalia duara lake ubaoni kama limechorwa na mtu mwingine. Nikamwambia mimi ni mtoto wa kaka wa mwalimu huyo. Akakaa. Swali likafutwa kwenye mtihani kwa kura, na kuanzia saa ya chai ofisi nzima inamwita Thelathini na Mbili. Hata wahudumu. Anaitika, maana hana jinsi.

Mimi nimehamishiwa stoo ya madawati mabovu. Nina kiti kimoja chenye miguu mitatu na nusu. Kazi sijafukuzwa, nadhani wanaogopa nitasimama tena, na mimi pia naogopa.

Wiki iliyopita alikuja stoo. Hakuwa na rula, mikono yake haikujua ikae wapi. Aliniachia bahasha nikutumie, imeandikwa Mwalimu, basi. Nimeiweka humu. Sijaifungua.

Baba nilimuuliza. Akasema alidhani anakuokoa, kwamba ukikubali kosa dogo wangekurudishia darasa. Tangu hapo hanitumi salamu zake. Anasema hazina pa kukaa.

Mwanao,
Karani wa stoo


9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa ile ya ukumbini. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekanyaga cherehani, sindano ikapita nje ya kitambaa ikaendelea kushona hewa.

Nimekosea kosa la darasa la kwanza. Nilimwona mjinga siku moja, nikamhesabu mjinga miaka yote iliyofuata, nikajaza ya mbele mwenyewe bila kwenda kuhesabu. Kumbe alijua. Mjinga ningeweza kumsamehe siku moja nikizeeka vizuri. Huyu alikuwa na thelathini na moja yangu mfukoni muda wote niliokuwa napima viuno vya watoto, na mwisho akaivaa kama koti lake.

Miguu yako mitatu na nusu ikaze kwa misumari ya kichwa kipana. Anayetetemeka na bado akasimama, huyo ndiye niliyekuwa namsubiri. Mimi siku ile sikutetemeka, na alipokataa kuhesabu sikusema zaidi.

Msalimie mama yako na goti. Mtoto akifikisha meno manane niambie. Na baba yako mwambie vipande ni thelathini na moja. Asiseme zaidi, aseme hivyo, kwa mdomo wake, mezani, mkiwa wote mnasikia. Akishasema, salamu zake zina pa kukaa.

Bahasha ya bwana huyo nimeipokea. Sikuifungua. Niliipaka wanga, ndani na nje kupitia pembeni, nikaipiga pasi mpaka karatasi zote zikashikana zikawa kitu kimoja kigumu kama kola. Nikaweka kisahani juu yake, nikachora duara. Nikaweka nukta sita, nikazitawanya. Nikaunganisha kila moja na nyingine zote kwa chaki ya kushonea, kisha nikachukua mkasi wa kukatia kitambaa kizito na kukata kila mstari, polepole, sikuruka hata mmoja. Pembe zilizobaki nje ya duara nimezitupa.

Vipande vimo katika hiki kifuko nilichoshona. Mpelekee mkononi. Asiende navyo nyumbani. Avihesabie hapo stoo, juu ya dawati bovu, wewe ukiwa umekaa na yeye amesimama. Kile kidogo cha pembetatu ndicho cha katikati, angalia asikipeperushe kwa pumzi zake. Akisema anatafuta kingine, usimwambie kitu.

Mwache atafute.

Shangazi yako,
Mwalimu